Kamina: Tuache kudai sindano kwa kila homa

Ingia asubuhi katika kituo chochote cha afya hapa Kamina, ukae kwenye benchi pamoja na akina mama. Utasikia mazungumzo yale yale. Mtoto ana homa tangu jana. Amepimwa tone la damu, malaria imeonekana. Muuguzi anaandika vidonge vya siku 3. Mama anaangalia kile kikaratasi, kisha anauliza: "Na sindano, daktari?" Muuguzi anajibu kwamba mtoto anakula, hatapiki, vidonge vinatosha. Hapo nkambo aliyewasindikiza anaingilia kati: "Mwanangu, vidonge hata sokoni viko. Sisi tumekuja hapa kutafuta dawa."

Mara nyingi nkambo ndiye anayeshinda. Muuguzi anachoka kubishana, mama anafungua kitambaa alichofungia pesa, mtoto anadungwa. Wanarudi nyumbani wote wameridhika, isipokuwa mtoto.

Mimi pia nilikuwa upande wa nkambo huyo kwa miaka mingi. Katika familia yetu, mtu aliyetoka hospitali bila alama ya sindano alihesabiwa kama hakutibiwa. Kilichonibadilisha ni mtoto wa jirani. Alipelekwa akitembea mwenyewe, akiwa na malaria ya kawaida. Akadungwa kinini kwenye tako. Malaria ilipona, lakini mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, na mpaka leo anachechemea. Sindano ilikuwa imegusa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita pale. Kilema cha namna hiyo kinajulikana sana kwa madaktari wa Afrika, na mara nyingi kinatokana na dawa ambayo mgonjwa angeweza kuimeza.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba tunaipa sindano heshima isiyo yake. Dawa haipati nguvu kwa sababu imeingia kwa uchungu. Inafanya kazi ikifika mahali ugonjwa uliko, na ili ifike inapaswa kuvuka kuta kadhaa za mwili. Tukielewa namna inavyovuka kuta hizo, tutajua lini kidonge kinatosha, lini sindano ni ya lazima, na kwa nini wakati mwingine vidonge vizuri vinashindwa kwa kosa letu wenyewe.

Kuta ambazo dawa inavuka

Kila seli ya mwili, yaani kila chembe hai, imezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba sana: ukipanga 10,000 kama huo, mmoja juu ya mwingine, unene wake utakaribia ule wa unywele mmoja. Na umetengenezwa hasa kwa mafuta. Mama yeyote anayepika sombe anajua kwamba maji na mafuta ya mawese hayachanganyiki. Ndivyo ilivyo mwilini pia. Kitu kinachopenda maji peke yake, kama chumvi, kinagonga utando na kurudi. Kitu chenye urafiki kidogo na mafuta kinapenya na kutokea upande wa pili.

Kidonge ukikimeza, kwanza kinapaswa kuyeyuka katika maji ya tumbo. Ndiyo sababu tunaambiwa tumeze na kikombe kizima cha maji. Kisha kinateremka katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Ndani yake umejaa vijidole vidogo sana visivyohesabika. Ukivitandaza vyote chini, utapata eneo la karibu mita za mraba 30, ukubwa wa sebule nzuri. Eneo lote hilo lina kazi ya kupokea. Dawa inavuka utando, inaingia katika mishipa midogo ya damu, inapita kwenye ini, na kutoka hapo inasambaa mwili mzima.

Ini linaharibu sehemu ya dawa kabla haijaenda mbali. Wengi wanatumia jambo hilo kusema kwamba kidonge ni dhaifu. Lakini waliotengeneza kidonge wanalijua, na wamelihesabu tayari katika kipimo unachopewa.

Sisi watu wa Kamina tunalielewa jambo hili kwa urahisi, kwa sababu mji wetu ni njia panda ya reli. Anayetoka Lubumbashi kwa treni anapita hapa, kisha anaendelea upande wa Kananga na Ilebo, au upande wa Kabalo na Kalemie. Aliyefika Kamina bado hajafika Kalemie. Sindano ni kama msafiri aliyerushwa kwa ndege mpaka Kamina: ameruka kituo cha kwanza tu, safari inamngoja.

Angalia malaria. Mdudu wake anajificha ndani ya seli nyekundu za damu. Hata dawa ikimwagwa moja kwa moja katika mshipa, lazima ivuke utando wa seli nyekundu, kisha utando wa mdudu mwenyewe. Dawa iliyotoka kwenye kidonge inavuka kuta hizo hizo. Zikishafika katika damu, mdudu hajui ipi ilipita kinywani na ipi ilipita kwenye tako. Isitoshe, sindano ya tako haifiki katika damu mara moja. Inaacha dawa ndani ya nyama, na kutoka pale dawa inapaswa bado kupenya kuta za mishipa midogo.

Yambuku haikuwa mbali

Wapo watakaosema: hata kama sindano haikuwa ya lazima, inadhuru nini? Sisi Wakongomani ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuuliza hivyo.

Tarehe 26 Agosti 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, mwalimu mmoja mwenye homa alidhaniwa ana malaria. Alidungwa klorokwini. Klorokwini ni dawa inayovuka ukuta wa utumbo vizuri sana, mamilioni ya watu wameimeza. Lakini desturi ilikuwa sindano. Kila asubuhi wauguzi wa Yambuku walipewa mabomba 5 ya sindano na shindano zake kwa kazi ya siku nzima, katika chumba cha wagonjwa wa nje, wodi na uzazi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa walizisuuza katika maji ya vuguvugu. Ugonjwa wa mwalimu yule haukuwa malaria. Ulikuwa ule ulimwengu uliouita baadaye Ebola. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Wachunguzi waliokuja walikuta kwamba wengi waliupata kwa sindano za hospitali, na kati ya wale walioupata kwa njia hiyo peke yake, hakuna aliyepona.

Leo mabomba ya sindano ni ya kutumia mara moja, na wauguzi wetu wanajua zaidi. Lakini sindano bado ni kufungua ngozi, na ngozi ndiyo mlango ambao mwili umeufunga kwa makini kuliko milango yote. Jipu la tako, mguu uliopooza, homa ya ini na virusi vya UKIMWI pale bomba linapotumiwa mara ya pili: hatari hizo tunazikubali tukiwa na sababu. Hofu ya nkambo kwamba vidonge si dawa haitoshi kuwa sababu.

Mlango wa sukari na chumvi

Kuna somo lingine linalotuhusu zaidi sisi wa Haut-Lomami. Kolera tunaijua. Katika maeneo ya maziwa, upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, inarudi mara kwa mara. Na huko pia mgonjwa akifika, familia inaangalia kama ametundikiwa serumu. Akipewa maji ya kunywa, wanaona amedharauliwa.

Nimesema kwamba chumvi haipenyi utando wa mafuta. Sasa itaingiaje mwilini? Kuna milango. Mwaka 1960, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo kuna mlango unaopokea sukari na chumvi kwa pamoja, kama walinzi wanaokubali kufungua pale tu wageni wawili wakija wameshikana mikono. Vikiingia viwili hivyo, maji yanavifuata. Na ajabu ni kwamba kolera, pamoja na ukali wake wote, haiharibu mlango huo. Mgonjwa anayepoteza maji kama ndoo iliyotoboka bado anaweza kuyapokea kwa kinywa, kama yana sukari na chumvi kwa kipimo kinachofaa.

Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alilijaribu jambo hilo huko Bangaon, India, kati ya wakimbizi waliotoka Bangladesh. Serumu zilikuwa zimemwishia. Akachanganya maji, sukari na chumvi katika mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4.

Halafu ikaja Goma. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Kivu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Wataalamu kutoka Bangladesh waliofika kusaidia waliandika mwaka uliofuata kwa nini vituo vya matibabu vilishindwa kuzuia vifo vingi: wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, maji ya kunywa yalitumiwa kidogo mno, na wahudumu hawakuwa na uzoefu. Serumu ni ya lazima kwa yule aliyezimia au aliyekauka kabisa. Lakini kwa wengine wengi, uhai ulikuwa katika kikombe.

Pakiti ya unga wa kuchanganya katika lita 1 ya maji safi ina gramu 13.5 za sukari ya glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa vinasaidia mgonjwa afike kituoni akiwa hai. Usiongeze chumvi ukidhani unaongeza nguvu, kwa sababu chumvi ikizidi inamdhuru mgonjwa.

Kwa nini wakati mwingine kidonge kinashindwa

Sasa nimgeukie nkambo kwa heshima, kwa sababu yeye si mjinga. Ameona watoto waliomeza vidonge bila kupona. Na mimi nimewaona. Sababu mara nyingi iko katika namna tunavyomeza.

Chukua dawa ya malaria inayotumiwa sana, artemeta-lumefantrini. Lumefantrini inapenda mafuta mno. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapita katika utumbo na kutoka bila kuvuka. Majaribio ya watu wazima wenye afya yalionyesha kwamba, ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu kinaongezeka karibu mara 16. Wala haihitaji karamu. Kiasi kidogo sana cha mafuta, gramu 1 au 2, kinaleta tofauti kubwa: konzi ya karanga, maziwa kidogo, bukari na sombe yenye mawese. Mzazi anayempa mtoto mwenye homa kidonge na maji peke yake, kisha anangoja, amefanya alichoweza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Na usichukue kanuni hiyo ukaipeleka kwa kila dawa. Nyingine ya malaria, artesuneti-amodiakwini, ambayo pia inatolewa hapa nchini, haipaswi kumezwa na chakula chenye mafuta mengi. Vidonge vya chuma wanavyopewa wajawazito havivuki vizuri vikimezwa na chai, kwa sababu chai inavishika. Na pemba, ule udongo mweupe ambao mama wajawazito wanautafuna, nao unaweza kushika chuma na dawa ndani ya tumbo na kutoka navyo. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama doksisiklini, zinashikwa na maziwa hivyo hivyo.

Kuna na mtoto aliyetapika. Akitapika ndani ya saa 1 baada ya kumeza artemeta-lumefantrini, apewe tena kipimo kile kile. Akiendelea kutapika kila kitu, basi njia ya kinywa imefungwa, na hapo mama ana haki ya kudai njia nyingine. Na kuna yule anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka. Dawa hiyo ina mara 6 za kumeza katika siku 3. Ukiacha katikati, umemchokoza nyoka na kumwacha hai nyumbani.

Lini sindano ni ya lazima

Nisieleweke vibaya. Ziko dawa zisizo na njia nyingine. Insulini ya wagonjwa wa sukari ikimezwa, tumbo linaiyeyusha kama nyama. Jentamisini haivuki ukuta wa utumbo, kwa hiyo kuimeza ili kutibu damu iliyochafuka ni kazi bure. Na mtoto mwenye malaria kali, anayetetemeka kwa degedege, asiyeweza kukaa wala kunyonya, au aliyepoteza fahamu, usimpotezee muda na kidonge. Huyo anahitaji artesuneti ya sindano haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika pamoja na yetu kwa watoto 5,425, ulionyesha kwamba waliodungwa artesuneti walikufa 8.5 kwa 100, na waliopewa kinini walikufa 10.9 kwa 100. Mtoto huyo akishaamka na kuweza kumeza, anamalizia kwa vidonge. Hata pale sindano inapookoa maisha, kidonge ndicho kinachomaliza kazi.

Tena, Congo ndiyo iliyoonyesha ulimwengu kwamba kidonge kinaweza kuchukua nafasi ya sindano. Ugonjwa wa usingizi, yaani malale, ukifika katika ubongo ulikuwa hukumu ya kifo. Ubongo una ukuta mkali kuliko wote, na dawa nyingi zinabaki nje. Kwa miaka mingi wagonjwa walidungwa melasoprolo, dawa yenye aseniki, ambayo iliua karibu wagonjwa 5 kwa kila 100. Baadaye yakaja matibabu yenye serumu 14 kwa siku 7 hospitalini, pamoja na vidonge. Ndipo feksinidazoli ilipojaribiwa kwa wagonjwa hapa Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, utafiti ukiongozwa na daktari wetu Victor Kande. Ni vidonge vya siku 10, vinavyomezwa baada ya chakula. Vinavuka ukuta wa utumbo, kisha vinavuka ukuta wa ubongo. Vilikubaliwa Congo mwishoni mwa mwaka 2018. Katika ugonjwa uliokwisha kufika ubongoni vilifaulu kwa 91 kati ya 100, na serumu zilifaulu kwa 98, kwa hiyo walio katika hali mbaya sana bado wanapewa serumu. Lakini mkulima wa kijijini anayeweza kutibiwa bila kulazwa kwa wiki nzima mbali na shamba lake amepata kitu kikubwa.

Kila mmoja na kazi yake

Tusiwatupie lawama zote akina mama. Kituo cha afya ambacho muuguzi wake halipwi vizuri na serikali kinaishi kwa kile wagonjwa wanachonunua. Sindano na serumu zinaleta pesa kuliko maelezo. Mradi muuguzi anakula kwa kudunga, ataendelea kudunga. Serikali iwalipe watu wa afya, ndipo iwe na haki ya kuwaomba wakatae sindano zisizo za lazima.

Pia maandishi kwenye pakiti za dawa yako katika Kifaransa na Kiingereza. Nkambo wa Kamina anasoma Kiluba au Kiswahili, kama anasoma. Redio zetu, makanisa yetu na wahudumu wa afya wa kata wanaweza kuyasema maneno haya machache: dawa hii meza na chakula chenye mafuta, hii usimeze na chai, hii maliza mpaka mwisho. Kazi hiyo haidai mashine wala fedha za wafadhili.

Na sisi wazazi, tukipewa dawa, tuulize maswali 3 kabla ya kuondoka: niimeze na nini? Niimeze mara ngapi, na mpaka lini? Akitapika, nifanye nini? Muuguzi asiyeweza kujibu maswali hayo hata sindano yake tuiogope.

Juzi nilimwona tena mtoto wa jirani. Wenzake walikuwa wakicheza mpira karibu na reli, yeye amekaa juu ya jiwe akihesabu magoli. Hana haja ya maelezo yangu yote haya. Lakini wadogo zake wawili wataugua malaria, kama watoto wote wa hapa, na mama yao ameniambia kwamba safari hii atauliza kwanza.